Viboko Havitibu Ubongo

Watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo na tabia: sehemu ya pili

Januari shule zinapofunguliwa, ndipo watoto wengi wa Kibakwe wanapoangaliwa kwa mara ya kwanza na mtu asiye wa ukoo wao. Kabla ya hapo mtoto asiyeongea alikuwa nyumbani na bibi yake, anakula, analala, anafuata mbuzi. Majirani walishamzoea, wakamwita bubu, mtukutu, au mtoto wa mizimu. Sasa amevaa sare, amebanwa kwenye dawati na wenzake, na mwalimu wa darasa la kwanza anataka ashike penseli. Ndani ya wiki mbili mwalimu ameshalijua jina lake kuliko majina ya wengine wote. Wenzake wakikaa, yeye anasimama. Pikipiki ikipita, anatoka nje kuufuata mlio. Kengele ikilia anaziba masikio na kupiga kelele. Kufikia mwezi wa tatu ama amechapwa kuliko mtoto yeyote pale shuleni, ama amerudishwa nyumbani na ujumbe kwamba hafundishiki.

Mtoto huyo ana miaka sita au saba. Dalili anazochapiwa zilikuwepo tangu akiwa na mwaka mmoja na nusu, na mama yake aliziona. Hiyo miaka mitano ya katikati, ambayo ubongo ulikuwa bado laini na msaada ungezaa matunda makubwa zaidi, imepita bure. Juu ya miaka hiyo ndipo ninapotaka tusimame leo.

Wiki iliyopita nilieleza jinsi ubongo unavyojijenga tangu mimba. Leo naingia kwenye yanayokwenda kombo: ni matatizo gani, yanatoka wapi, na nini kinasaidia.

Usonji ndio unaotajwa zaidi siku hizi redioni. Mtoto mwenye usonji huchelewa au hushindwa kushirikiana na watu kwa namna ambayo wenzake huifanya bila kufundishwa na mtu: kumtazama mama usoni, kuitika jina, kunyoosha kidole kumwonyesha mwingine ndege aliye juu ya mti. Wengine hawaongei kabisa, wengine huongea kwa kurudia walichosikia. Mtoto anaweza kupanga magunzi ya mahindi kwa mstari tangu asubuhi hadi jua kali, na gunzi moja likisogezwa akalia kilio cha uchungu wa kweli. Anaweza kukataa chakula chochote isipokuwa ugali mkavu, kwa sababu utelezi wa mlenda mdomoni unamsumbua kwa kiasi ambacho sisi hatukijui. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, shule ya msingi yenye wanafunzi 800 ingetarajiwa kuwa na watoto 6 hivi wa aina hiyo, kama wote wangeandikishwa. Mwalimu mkuu atakayesema shuleni kwake hayupo hata mmoja, ajiulize wako wapi.

La pili ni tatizo la umakini na utukutu uliopitiliza, ambalo hospitalini utasikia likiitwa ADHD. Linakadiriwa kuwapata watoto 5 hivi kati ya 100, na wavulana hutambuliwa zaidi kuliko wasichana. Mwenye nalo akiwa shuleni ameacha daftari nyumbani, na akirudi nyumbani ameacha sweta shuleni. Akitumwa dukani kununua chumvi na kiberiti anarudi na kiberiti, au anachelewa hadi giza kwa kuwa njiani amekuta watu wanachimba kisima. Akichunga mbuzi anawasahau, wanaingia kwenye vitunguu vya mtu, na baba analipa fidia. Basi anachapwa asubuhi na mwalimu kwa daftari, na jioni na baba kwa mbuzi. Kule kuharibikiwa sehemu zote mbili ndiko kunakomwambia daktari jambo. Ili tatizo hili litambuliwe rasmi, dalili zinatakiwa zionekane katika mazingira mawili au zaidi, zidumu angalau miezi 6, na ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12. Mtoto anayetulia vizuri nyumbani na kuvuruga darasani tu, sababu itafutwe darasani. Wasichana wengi wenye tatizo hili hawarukiruki hata kidogo. Wanakaa kimya dirishani, mawazo yako Mtera, na hakuna anayegundua mpaka matokeo ya mtihani yatoke.

Yapo mengine nitakayoyapita haraka: ulemavu wa akili, ambapo mtoto anachelewa katika kila jambo, mtindio wa ubongo, ambao ni jeraha la ubongo linaloathiri misuli na mwendo, na mara nyingi mwenye nao akili yake ni timamu kabisa ingawa hawezi kutamka; kigugumizi; na ugumu wa kusoma. Huu wa mwisho kwetu hujificha, kwa sababu Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto hakosei sana maneno, ila anasoma polepole mno na kwa jasho, na mwalimu anadhani ni mvivu.

Kabla ya kufika kwenye ubongo, tuanze na masikio. Usaha unaotoka sikioni mara kwa mara huonekana jambo dogo la utotoni, mtoto anawekewa pamba na maisha yanaendelea. Mtoto asiyesikia vizuri haitiki akiitwa, hatii amri, anapiga wenzake kwa kuwa hana njia nyingine ya kuwaeleza, na anaongea kwa kuchelewa. Ukimtazama kwa haraka utasema ni mkaidi au ana usonji. Simama nyuma yake asikuone, gonga sufuria, halafu mwite kwa sauti ya kawaida, halafu mnong'oneze. Hicho si kipimo kamili, lakini kinatosha kukupeleka kituo cha afya. Macho nayo yapimwe.

Kisha tuitazame lugha. Katika kata za tarafa yetu ya Kibakwe mtoto anakua na Kigogo, Kihehe au Kikaguru, na Kiswahili anakikuta kwa wingi darasani. Mtoto anayenyamaza shuleni miezi miwili ya kwanza na nyumbani anamsimulia bibi yake habari nzima ya fisi, hana ugonjwa wowote. Anayenyamaza kwa lugha zote mbili ndiye wa kupelekwa kwa mtaalamu. Kwa hiyo daktari au mwalimu anayempima mtoto kwa Kiswahili peke yake amepima nusu ya mtoto.

Na ipo hofu. Mtoto anayelala njaa, anayeshuhudia mama akipigwa usiku, au anayefanyiwa ukatili na mtu mzima wa karibu, huweza kuwa mchokozi, mwizi wa vitu vidogo, mkojozi wa kitandani, asiyeweza kukaza akili kwenye hesabu. Huyu ubongo wake unafanya kazi yake sawasawa: unajihami. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto nchini ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Mtoto wa namna hii anatibiwa kwa kuondolewa hatari iliyo nyumbani. Kumpa dawa ya kumtuliza na kumrudisha kwa anayemdhuru ni kosa kubwa.

Sasa, haya yanatoka wapi? Swali hili halijawahi kuulizwa kwa upole. Daktari Leo Kanner wa Marekani alipoeleza usonji mwaka 1943 kwa kuwachunguza watoto 11, aliandika pia kwamba wazazi wao wengi hawakuwa watu wa mapenzi ya wazi. Wengine wakaichukua kauli hiyo wakaikuza. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago alitoa kitabu kilichoshikilia kuwa mtoto hujifungia ndani ya nafsi yake kwa sababu ya ubaridi wa mama. Akina mama kwa maelfu wakabeba hatia hiyo. Huku kwetu mama anaambiwa alivunja mwiko akiwa mjamzito, au alitoka nje ya ndoa, au amemtoa mtoto kafara ili biashara yake ya vitunguu inawiri. Baba wa mtoto anahama nyumba. Mama huyu na yule wa Chicago walihukumiwa bila ushahidi.

Ushahidi ulianza kuja mwaka 1977. Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha nchini Uingereza ambamo angalau mmoja alikuwa na usonji. Kwa mapacha wa kufanana, jozi 4 kati ya 11 wote wawili walikuwa nao. Kwa mapacha wasiofanana, hakuna hata jozi moja kati ya 10. Wote walikuwa na mama zao, nyumba moja, malezi mamoja. Kilichotofautiana ni kiasi cha urithi wanachochangia. Tangu hapo tafiti zimezidi kuthibitisha kuwa sehemu kubwa ya usonji, na ya tatizo la umakini vilevile, inatokana na vinasaba vingi vidogovidogo, vya upande wa baba na wa mama, vinavyokutana bila mtu kukosea popote.

Folstein huyohuyo alikuja kushiriki katika utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2006, pamoja na Noah Ndosi wa hapa nchini na wenzao. Walichunguza watoto 20. Watoto 14 walitimiza vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wamekua vizuri hadi umri wa miezi 22, 35 na 42, kisha wakaugua malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege, na walipopona malaria usonji ukajitokeza. Kwa wengine wanne ugonjwa na dalili vilikaribiana, lakini watafiti wenyewe walisema huenda ni sadfa. Watoto watatu hawatoshi kuhukumu nchi nzima, na mimi sitamwambia mzazi yeyote kuwa usonji wa mwanawe umeletwa na mbu. Hata hivyo malaria ya ubongo tunajua inachofanya. Uchunguzi uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia watoto walionusurika nayo, na miaka 2 baadaye zaidi ya robo walikuwa na upungufu wa uwezo wa kufikiri. Chandarua kinalinda uhai, na kinalinda darasa la kwanza pia.

Sababu zinazozuilika ndizo zinazonitia uchungu zaidi, maana ziko mikononi mwetu. Mtoto aliyechoka katika uchungu wa muda mrefu na kuzaliwa bila kulia anahitaji kusaidiwa kupumua ndani ya dakika ya kwanza. Kila dakika ya ziada bila hewa inaua seli za ubongo, na mtindio wa ubongo mara nyingi huanzia hapo. Mama wa Wotta au Lumuma anayesubiri uchungu ukolee ndipo atafutiwe pikipiki, usiku, kwenye mteremko wa mlima, anaiweka dakika hiyo rehani. Asogee karibu na kituo mapema, wiki kadhaa kabla ya tarehe yake. Mtoto mchanga anayegeuka manjano machoni na mwilini, hasa ndani ya saa 24 za kwanza, apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Kumwanika juani asubuhi hakutoshi, kwani manjano ikizidi inaingia kwenye ubongo na kuharibu usikivu na misuli.

Madini joto nayo yana habari yake. Mama mjamzito akikosa madini haya, tezi yake haitoi homoni ya kutosha kuujenga ubongo wa mtoto tumboni. Kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, serikali iligawa vidonge vya mafuta ya madini joto katika wilaya zipatazo 25 zilizokuwa na tatizo kubwa la goita, kuanzia katikati ya miaka ya 1980. Watafiti Erica Field, Omar Robles na Máximo Torero walilinganisha watoto ambao mama zao walikuwa wamekingwa na ambao hawakukingwa, na matokeo yao ya mwaka 2009 yalionyesha kuwa waliokingwa tumboni walisonga mbele kimasomo kwa kati ya theluthi na nusu ya mwaka zaidi, wasichana wakinufaika zaidi ya wavulana. Kidonge alichomeza mama kikaonekana kwenye madarasa miaka kumi baadaye. Nunueni chumvi yenye madini joto, muitunze kwenye chombo chenye kifuniko, na muitie chakula kinapokaribia kuiva, kwa sababu moto mwingi unayapoteza madini hayo.

Pombe wakati wa ujauzito ni sumu kwa ubongo wa mtoto, iwe ya dukani au ya kienyeji, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa ni salama. Nalisema bila kumung'unya kwa sababu katika vijiji vyetu mama mjamzito akikaribishwa kata ya pombe baada ya kulima, watu huona amepewa nguvu.

Chanjo hazileti usonji. Uvumi huo ulianzia kwenye makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusu watoto 12 tu. Ilibainika kuwa na udanganyifu, jarida la The Lancet likaifuta mwaka 2010, na mwandishi akafutiwa leseni ya udaktari. Mwenye kuusambaza leo anasambaza surua.

Nije kwenye kifafa, ingawa nitakirudia kwa kirefu, kwa sababu kinachanganywa sana na tabia mbaya. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwalinganisha watoto wenye kifafa na wasio nacho: takriban theluthi mbili ya wenye kifafa walikuwa na matatizo ya tabia, wakati kwa wasio nacho ilikuwa mmoja hivi kati ya watano. Jeraha lililoleta kifafa huvuruga na utulivu. Lakini kuna sababu ya pili, nayo iko kwenye chupa ya dawa. Fenobabito ndiyo dawa ya kifafa ya bei nafuu na inayopatikana zaidi hadi kwenye vituo vya chini. Inazuia degedege vizuri. Kwa baadhi ya watoto, badala ya kuwalaza, inawafanya wahangaike, wakasirike ovyo na kukosa umakini. Mzazi anasema kifafa kimepungua ila mtoto amekuwa mkorofi, na pengine anaacha dawa kimyakimya. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na mtoto akafa. Mwambie mganga wa kituo yale uliyoyaona, kwa maneno hayohayo, ili dozi ipunguzwe taratibu au dawa ibadilishwe. Tabia inaweza kubadilika ndani ya wiki chache.

Kuhusu viboko. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu hiyo shuleni kwa masharti: isizidi viboko vinne, itolewe na mwalimu mkuu au aliyepewa idhini naye, na iandikwe. Kila mtu anajua kanuni hiyo inavyofuatwa. Tobias Hecker na wenzake waliwahoji watoto 409 wa shule ya msingi Tanzania, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Watoto 95 kati ya kila 100 walikuwa wamewahi kuadhibiwa kimwili na mzazi au mlezi. Na kadiri adhabu ilivyokuwa nyingi, ndivyo ukorofi na uchokozi vilivyokuwa vingi, na moyo wa kusaidia wenzao ulivyokuwa mdogo. Mtu anaweza kujibu kwamba wakorofi ndio wanaochapwa zaidi. Ni kweli, na ndiyo maana duara halikatiki: mtoto anavuruga, anachapwa, anazidi kuvuruga. Kwa mtoto mwenye tatizo la umakini, fimbo inakuja baada ya kosa ambalo hakulipanga, na kesho atalisahau lile somo kama alivyosahau daftari. Kwa mwenye usonji, fimbo ni maumivu yasiyo na maelezo. Sijaona andiko lolote la kitaalamu linaloitaja fimbo kuwa tiba ya lolote kati ya matatizo haya.

Tiba ya kweli, basi, ni ipi? Usonji hauna dawa ya kuuondoa. Anayeuza mitishamba, maombi ya malipo, au dawa ya maji ya kuusafisha anauza uongo, na kumkata mtoto kilimi au kumchanja chale ili aongee kunamletea damu na maambukizi bila neno hata moja. Kinachosaidia ni mafunzo ya kila siku, na mwalimu mkuu wa mafunzo hayo ni mzazi au bibi. Shirika la Afya Duniani limeandaa mpango wa kuwafundisha walezi stadi hizi kwa ajili ya mahali pasipo na wataalamu, na umejaribiwa kwa majirani zetu Kenya na Ethiopia. Kiini chake kinaweza kuanza leo jioni jikoni.

Kaa chini, macho yako yawe sawa na ya mtoto. Usimletee mchezo wako. Ingia kwenye wake. Anapanga magunzi? Mpe gunzi moja moja, na kila unapompa sema "gunzi". Subiri. Hesabu polepole moyoni kabla ya kumpa linalofuata, ili apate nafasi ya kukutazama, kunyoosha mkono au kutoa sauti. Akifanya lolote kati ya hayo, mpe papo hapo na umfurahie. Maneno yawe machache: "njoo", "kula", "maji", wala si hotuba. Ratiba ya siku isibadilikebadilike, na ikibidi ibadilike, mwonyeshe mapema kwa kitu: ndoo ikiwa mnakwenda kisimani, kapu ikiwa ni mnadani. Robo saa hivi, mara mbili au tatu kwa siku, kila siku, kwa miezi. Si kazi ya kuvutia na haina muujiza, ila watoto wengi hupata maneno, na wasiopata maneno hupata njia ya kuomba bila kujipiga kichwa ukutani.

Kwa tatizo la umakini, mwalimu anaweza kufanya mengi bila shilingi moja. Amweke mtoto mbele, mbali na dirisha. Ampe maagizo moja moja na amtake ayarudie. Amtume kufuta ubao, kugawa madaftari, kuchota maji, ili mwili upate kutembea kwa ruhusa. Amsifu palepale anapomaliza mstari mmoja, kwa kuwa sifa ya mwisho wa wiki kwake imechelewa mno. Najua ukubwa wa madarasa yetu. Bado kumtuma mtoto ubaoni kunachukua muda mfupi kuliko kumchapa.

Dawa zipo pia. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Marekani aligundua kwa bahati kwamba dawa ya kuchangamsha iliwatuliza watoto wenye vurugu na kuwapa hamu ya masomo. Methilifenideti inayotumika leo ni ya jamii hiyo. Inaongeza dopamini katika sehemu za ubongo zinazoshika breki, hivyo mtoto anaweza kusubiri. Inawafaa wengi, inapunguza hamu ya kula, na inatakiwa isimamiwe na daktari. Kwa mwananchi wa Kibakwe ni shida kuipata: ni dawa inayodhibitiwa, na Shirika la Afya Duniani liliyakataa maombi ya kuiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021. Kwa maoni yangu watoto wetu wamenyimwa kitu kinachowasaidia wenzao. Lakini hata penye dawa, mafunzo ya mzazi na mwalimu hutangulia kwa mtoto aliye chini ya miaka 6.

Njia ya kupata msaada inaanzia kliniki ileile ya kupima uzito. Mama anakwenda na kadi, mtoto ananing'inizwa kwenye mzani, nukta inaangukia kwenye kijani, na wote wanarudi nyumbani wamefarijika. Mtoto mwenye usonji anaweza kukaa kwenye kijani miaka yote mitano. Kwa hiyo muuguzi aulize zaidi ya uzito, na asipouliza, mzazi aseme. Mazungumzo yenyewe hayahitaji kuwa marefu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimemleta mjukuu, uzito mzuri, ila haongei."

"Ana umri gani?"

"Miaka miwili imepita tangu mavuno."

"Ukimwita anageuka?"

"Redio anageukia. Mimi hanigeukii."

Jibu hilo la mwisho lina thamani kubwa kuliko vipimo vingi, maana linamwambia muuguzi kwamba masikio huenda yako sawa na tatizo liko kwenye kuhusiana na watu. Mwenye kusikia jibu kama hilo asiseme "ataongea tu, wavulana huchelewa". Mtoto asiyegeuka akiitwa jina akiwa na mwaka mmoja, asiyenyoosha kidole wala kutamka neno akiwa na mwaka mmoja na nusu, asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili, au aliyekuwa na maneno yakapotea katika umri wowote, aandikiwe rufaa. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 inawahusu watoto wa hadi miaka 8, na katika programu hiyo afya, malezi na ujifunzaji vinakwenda pamoja. Viongozi wa vijiji wana haki ya kuuliza inatekelezwaje kwao.

Kutoka Kituo cha Afya Kibakwe rufaa inakwenda Hospitali ya Wilaya Mpwapwa, na kutoka huko Dodoma mjini. Masika barabara ya Gulwe huweza kukatika kwa mafuriko, hivyo safari ipangwe kiangazi ikiwezekana. Dodoma ndiko iliko Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, na hapa nina neno na ndugu zangu. "Kupelekwa Mirembe" limekuwa tusi nchi nzima, na wapo wazazi wanaofika Dodoma na rufaa mkononi wakageuza njia kwa aibu. Mtoto hapelekwi pale kufungiwa. Anapelekwa kuonwa na daktari aliyesomea jambo hili, mzazi akiwa kando yake, na wanarudi pamoja. Upande wa elimu, muone Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma, na walimu waliosomea elimu maalumu wanatoka kila mwaka katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Tunaoishi vijijini tuwadai, kwani wasipodaiwa wanapangwa mijini.

Siku ya kwenda, beba kadi ya kliniki hata kama imechanika, na kadi ya ujauzito kama ipo. Andika, au mwambie mtoto mkubwa wa nyumba aandike, maneno yote ambayo mtoto anayatamka na lugha anayoyatamkia. Andika alianza kukaa lini, kutembea lini, aliugua nini, alipata degedege mara ngapi, alilia au hakulia alipozaliwa. Kama kuna simu yenye kamera, mrekodi dakika mbili akicheza na dakika mbili akiwa amekasirika, kwa sababu mbele ya daktari huenda akalala usingizi. Dawa zote anazotumia, za hospitali na za mganga wa kienyeji, ziende na vifungashio vyake. Na aende mtu anayeshinda naye: kama ni bibi, basi bibi apande basi.

Itaendelea wiki ijayo: degedege na kifafa, na habari ya kliniki ambayo daktari Louise Jilek-Aall aliianzisha Mahenge mwaka 1960.